Sebule Isiyo na Dari

Kwa uliyenikosa wiki iliyopita, nikudokezee kidogo, usije ukaingia humu kama mgeni aliyekosea nyumba.

Mimi ndiye yule mwanamke aliyeitwa Ng'ambo tangu utotoni. Nilikuwa najaza nguo zangu kwenye mfuko wa shule, nasimama kando ya barabara, na mtu akiniuliza naenda wapi namjibu, "Ng'ambo." Watu walicheka mpaka jina likaniganda. Nimekua nalo, nimeolewa nalo, nimeota mvi nalo. Nilipokuwa nimeshakata tamaa, binamu yangu akanitafutia kazi na kibali, nami nikapanda ndege nikiwa mtu mzima wa miaka arobaini na ushee, nalia kwa furaha mpaka jirani yangu wa kiti akaomba ahamishwe.

Binamu akanipokea, akanilaza kwake, na kabla sijazoea hata swichi za taa, akahamia mji mwingine na mchumba wake bila kuniaga. Niliamka nikakuta nyumba haina mtu, na mwenye nyumba yuko mlangoni anataka funguo. Hapo ndipo tulipoachana.

Haya, sogea.

Kazi yenyewe ilikuwa ya usafi kwenye duka la samani. Usidhani ni duka la viti vinne na kabati moja. Ni jengo zima, na ndani yake wamejenga vyumba vya maonyesho: sebule, vyumba vya kulala, majiko, mpaka chumba cha mtoto mchanga. Kila chumba kina kuta tatu. Ukuta wa nne haupo, ndipo wanaposimama wateja kukodoa macho. Na dari hakuna. Ukiinua uso unaona mabomba, vyuma na taa zinaning'inia.

Nilikuwa nafika kabla duka halijafunguliwa, napangusa vumbi, napiga mito. Mto wa kochi kule hauwekwi tu. Unausimamisha, unaupiga katikati kwa ubavu wa kiganja, pa! Unatoa masikio mawili. Msimamizi wetu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya upole inayotisha kuliko kelele, alikuwa anapita nyuma yangu anakagua masikio.

Chumba nilichokipenda ni Sebule ya Nne. Kochi la kijani, meza ya mviringo, kabati refu la droo, rafu ya vitabu, dirisha lenye pazia jeupe. Ukiondoa kochi na meza, vyote vilikuwa vya uongo. Vitabu ni majalada matupu. Matunda ni plastiki. Dirisha lina taa nyuma yake, kwa hiyo jua halikuzama hata siku moja. Na zile droo ni vibao vilivyobandikwa kwa gundi mbele ya kabati. Vipini vizuri kabisa, vya shaba, lakini uvute mpaka kucha zing'oke, hazifunguki.

Utaniuliza, na wewe ulikuwa unalala wapi?

Nilikuwa na nusu ya kitanda. Usicheke. Chumba kilijaa vitanda vya ghorofa, na kila kitanda kilikuwa na wenyewe wawili, wa usiku na wa mchana. Mimi nikishatoka, mwoka mikate anaingia, shuka bado lina joto langu. Kwa hiyo hakuna saa ambayo hakuna mtu aliyelala, na kuongea mle ilikuwa marufuku. Tuliombana chumvi kwa vidole. Siku moja nilipiga chafya, nikarushiwa viatu viwili, na havikuwa hata jozi moja.

Sasa niambie, mume wangu ningempigia simu nikiwa wapi?

Mume wangu ni seremala, na hata mimi namwita Fundi. Mungu hakutujalia mtoto. Tulikuwa wawili tu, yeye na randa zake, mimi na ng'ambo yangu. Siku ya kuondoka alinishikia begi mpaka mwisho, akaniambia, "Nenda ukaione. Ukishaiona, ama univute nije, ama urudi. Ila usiniache katikati."

Nikamwahidi. Kwa mdomo wangu huu.

Kazini kulikuwa na mtandao wa bure. Jumapili ya kwanza nikaketi kwenye kochi la Sebule ya Nne, duka bado limefungwa, nikampigia. Nilitaka tu nimwone uso. Uso ukajaa kwenye simu, kisha macho yake yakahama, yakaenda nyuma yangu.

"Ala! Umeshapata sebule?"

Nikafungua mdomo nimwambie hapa ni kazini. Sikuwahi. Alikuwa ameshageuka anapiga kelele, "Njooni! Njooni muone mke wangu anapokaa!"

Wifi yangu akaingiza kichwa. Jirani akaingiza kichwa. Mshonaji wa kibanda cha pili, yule aliyenishonea gauni la safari, naye akaingiza kichwa. Wakabanana kwenye kioo kama picha ya darasa.

"Dada, umeula!" akasema Mshonaji.

Wifi, ambaye hajawahi kunisifia hata chai, akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Ungekuwa wewe, ungewaambiaje?

Basi ikawa hivyo. Kila Jumapili asubuhi napangusa haraka haraka, napiga mito, naketi, nampigia. Miezi ikaenda. Na Fundi naye akaanza vituko vyake.

"Nisogezee simu kwenye kona ya meza."

"Kona ya nini, meza ya mviringo?"

"Pale mguu unapokutana na ubao, wewe. Nataka nione wameunga vipi."

Namsogezea. Wiki ya pili yake anataka rafu. Wiki nyingine anataka urefu wa kochi, nilale tu anipime kwa macho. Nilijua ni useremala unamsumbua, mtu hata msibani anainama kuangalia miguu ya viti.

Jambo moja tu lilikuwa linanitoa kijasho chembamba.

"Nivutie droo moja nione reli yake."

"Zimejaa vitu, Fundi. Aibu."

"Aibu ya nini kwa mumeo?"

"Nimesema zimejaa!"

Basi anasema, "Haya, mama."

Sasa ikaja Jumapili ninayotaka kukusimulia. Nikampigia kama kawaida. Akapokea huku anacheka peke yake.

"Fumba macho."

"Fundi, nina kazi."

"Fumba, nakwambia!"

Nikafumba. Nikasikia mlango, nikasikia hatua, nikasikia wifi anacheka kwa mbali.

"Haya, fumbua."

Ndugu zangu, nilijiona mimi mwenyewe nimekaa kwenye simu bila kuwapo. Ilikuwa Sebule ya Nne. Kochi la kijani. Meza ya mviringo. Rafu. Pazia jeupe dirishani. Kabati refu la droo lenye vipini vya rangi ya shaba. Ile sebule yetu ya viti vya plastiki ilikuwa imetoweka, na mahali pake Fundi amejenga kila kitu nilichomwonyesha, kipande kwa kipande, kwa mikono yake.

Mpaka mito. Na mito ina masikio mawili.

"Nani kakufundisha kupiga mito hivyo?" nikauliza.

"Si nakuona wewe unavyoipiga! Foronya kashona Mshonaji. Nilimwelezea rangi, akazunguka sokoni mpaka akaipata."

Kisha akalifuata kabati. Akashika kipini cha droo ya kwanza, akavuta. Ikatoka laini, mpaka mwisho. Akaisukuma kwa kidole kimoja, ikarudi.

"Droo zangu hazina aibu," akasema, ananitazama. "Watu wanakuja kuiangalia, wanaiita sebule ya ng'ambo. Lakini sijamruhusu mtu kulala kwenye kochi. Nakungoja wewe ulizindue. Unasemaje?"

Nilianza kulia. Si kilio cha machozi mawili, hapana, kilio cha kwikwi na makamasi. Mume wangu amejenga sebule kamili akiiga uongo wangu, na uongo wake ukawa wa kweli kuliko wangu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na kochi.

"Analia kwa furaha!" akapiga kelele wifi.

Fundi hakucheka. Aliniangalia tu. Nikakata simu.

"Umefiwa?"

Nikageuka. Alikuwa Mzee wa Ngazi. Huyu ni mwenzetu mmoja, kazi yake kubadilisha taa za juu, huwezi kumwona bila ngazi begani. Naye ni wa kutoka mbali kama mimi, amekaa kule mpaka amesahau alikuja kufuata nini. Nikamsimulia yote. Alisikiliza huku anakwaruza rangi kwenye kucha.

"Nitamwambia ukweli," nikasema. "Jumapili ijayo namwambia."

"Mimi nilisema ukweli mapema kabisa," akanijibu. "Nikamwambia mke wangu, mimi huku napanda ngazi kutwa, nalala chumba kimoja na wanaume wanaokoroma kwa zamu. Akaniambia, kumbe umeoa huko, ndiyo maana unajifanya fukara."

"Ikawaje?"

"Ikawa hivi unavyoniona."

Akapanda ngazi yake. Alipofika juu akainama. "Hata hivyo, sema. Ukinyamaza, watu watajaza wenyewe yale usiyosema."

Lakini mimi na bahati hatujawahi kuketi meza moja. Jumatatu asubuhi nikaitwa ofisini. Msimamizi alikuwa na kioo cha kamera mbele yake, na ndani ya kioo nipo mimi, nimekaa kwenye kochi la kijani, ninacheka na simu.

"Wewe unaishi pale?" akauliza kwa ile sauti yake ya asali.

"Hapana, mama."

"Kamera inasema unaishi."

Nikafyata mkia. Nikamwambia nampigia mume wangu, si zaidi. Nikamwambia chumbani kwetu hatuongei. Alinisikiliza vizuri sana, mpaka nikapata tumaini. Mjinga mimi.

"Nakuonea huruma," akasema. "Kwa hiyo sikufukuzi. Ila nikikuona tena umekalia bidhaa, huna kazi. Na huna haja ya kukumbushwa kwamba kazi ikiisha, na kibali chako kimeisha."

"Nimeelewa, mama."

"Halafu Sebule ya Nne inavunjwa leo. Tunaweka chumba cha watoto. Utawasaidia kubeba."

Niliibeba kwa mikono yangu. Nilibeba vitabu visivyo na kurasa, nikabeba matunda ya plastiki, nikashika upande mmoja wa kabati na Mzee wa Ngazi upande wa pili, tukaenda kulilaza ghalani kifudifudi. Lilikuwa jepesi ajabu. Mtoto angeweza kulibeba.

Jumapili ikafika. Nikashika simu. Nikaiweka.

Hapa ndipo ninapojishangaa mpaka leo. Nilikuwa nimeapa kumwambia ukweli, na ukweli hauhitaji kochi. Ningesimama popote nikasema. Lakini kila nilipotaka kupiga nilianza kutafuta mahali pa kukaa. Chumbani marufuku. Barabarani upepo unakata masikio na nyuma yangu linapita gari la taka. Nilijaribu chooni pale kazini, nikajipanga vizuri mbele ya ukuta mweupe, nikabonyeza namba, na kabla haijaita mtu wa jirani akavuta maji. Nikakata.

Nikamwandikia, "Kazi zimezidi, mume wangu. Jumapili ijayo."

Na Jumapili iliyofuata nikamwandikia hivyo hivyo.

Niseme wazi: mimi nilinyamaza kwa sababu sikuwa na sebule. Hakuna kingine. Sikuwa na mwanamume, sikuwa mgonjwa, sikumchoka. Nilikosa kochi la kukalia, nikamkosesha mume wangu sauti yangu.

Mwanzoni alinijibu kwa mistari mirefu. Hali yako? Umekula? Mbona hunionyeshi uso? Kisha mistari ikapungua. Kisha ikabaki "sawa". Mwishowe akawa anatuma kile kidole gumba tu, na mimi nakitazama nikiwa nimelala kwenye joto la mwoka mikate, nasema si haba, angalau kidole ni chake.

Miezi, ndugu yangu. Si siku.

Kilichoniamsha ni kitu kidogo. Nilikuwa napiga mito kwenye chumba kimoja cha kulala, akaingia mteja, mama mtu mzima na mumewe, wakakaa kitandani kujaribu. Mume akasema, "Hiki kinalia." Mke akasema, "Kinalia wewe ukigeuka." Wakacheka. Ni hilo tu. Lakini nilibaki nimesimama, mto mkononi, nikajiuliza: mimi nimeletwa na nini huku? Tangu mtoto nasimama barabarani na mfuko. Nimefika. Hii ndiyo ng'ambo. Miaka kumi na kitu ijayo ya maisha yangu ni kupiga mito ya watu wengine na kulala nusu kitanda, na nikifa kile kitanda kitampata mwenyewe kabla hakijapoa.

Nilimwona Fundi anavuta ile droo. Ikatoka laini.

Nikasema, basi. Imetosha.

Sikutaka kujipa nafasi ya kurudi nyuma, maana najijua. Jumamosi nikaenda kwa Msimamizi nikamwambia naacha kazi. Hakushangaa hata kidogo. Akasema kibali atakirudisha kunakohusika Jumatatu. Nikaenda chumbani, nikamwonyesha mwenye chumba kwa vidole kwamba natoka, naye akanionyesha kwa vidole kwamba nusu yangu imeshapata mtu. Mwoka mikate aliamka, akanikumbatia bila neno. Tulilala kitanda kimoja muda wote ule na ndiyo mara ya kwanza namwona akiwa wima.

Jumapili asubuhi nikaenda dukani mara ya mwisho kurudisha nguo za kazi. Mzee wa Ngazi akanifungulia ghala.

"Hamna kamera humu," akasema. "Sema yako."

Akatoka, akafunga mlango.

Nikakaa juu ya katoni. Nikapiga. Iliita, ikaita, moyo unanidunda mpaka kwenye meno. Akapokea.

Alikuwa ameketi kwenye meza ya mviringo, kikombe cha chai mbele yake. Nyuma yake kabati. Amenenepa kidogo. Amenyoa ndevu, yeye ambaye nilimbembeleza miaka yote anyoe akakataa.

"Ng'ambo," akasema.

"Fundi, usiseme kitu. Ngoja nikuonyeshe kwanza."

Nikageuza simu. Nikamwonyesha katoni, nikamwonyesha sakafu ya saruji. Nikalifuata lile kabati, nikalisimamisha kwa mkono mmoja, nikamwonyesha mgongo wake. Halikuwa na mgongo. Ilikuwa mbao nyembamba na utupu. Nikamwonyesha zile droo kwa nyuma, vibao vimebandikwa, gundi imetiririka na kukauka.

"Ile sebule haikuwa yangu," nikasema. Nililia lakini nilijikaza kisabuni, nikaendelea. "Ni ya dukani. Mimi ni mfagizi. Nalala nusu kitanda. Sikuwahi kukwambia ni yangu, lakini sikukwambia kwamba si yangu. Nisamehe."

Nikarudisha simu usoni kwangu. Nilikuwa nangoja anitukane. Ningefurahi angenitukana.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Ng'ambo, mimi ni seremala. Mtu anaishi na kabati wiki baada ya wiki, mkono wake hauendi kwenye droo hata mara moja? Na dirisha lako, hata tuongee muda gani, jua liko pale pale." Akatabasamu, lile tabasamu lake la upande mmoja. "Nilijua tangu mwezi wa kwanza."

"Sasa kwa nini ukaijenga?"

"Nilitaka iwepo moja ya kweli. Nilisema moyoni, akiiona atanicheka, ataniambia ukweli, atarudi."

Hapo nililia upya, lakini kilio kingine. Mzigo wote ulinitoka mabegani. Kumbe mtu huyu ananijua! Kumbe nilikuwa napigania kificho kisichomficha mtu! Nikacheka na kulia pamoja, nikapangusa pua kwa mkono wa gauni.

"Basi narudi, Fundi! Nimeshaiona ng'ambo, imenitosha. Wiki hii hii narudi, nije nizindue hilo kochi!"

Nikadhani mtandao umekatika. Lakini mvuke wa chai ulikuwa unapanda.

"Fundi? Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Hufurahi?"

"Ulilia, ukakata simu," akasema taratibu, anatazama kikombe. "Nikangoja. Kila Jumapili nilikaa hapa nimevaa shati safi, nimeweka simu mbele yangu. Wewe unaniandikia kazi zimezidi. Nikasema, mtu anayekumbatia droo isiyofunguka na kuiacha inayofunguka, huyo harudi."

"Lakini sasa nimerudi! Nipo!"

"Ng'ambo, usifanye haraka. Kazi usiache kwanza."

"Kazi nimeshaacha! Kitanda nimeshatoa! Kesho kibali hakipo! Fundi, unasema nini?"

Alitazama pembeni ya simu, mahali nisipoona, kwa yale macho ya mtu anayeomba asaidiwe.

Ndipo mkono ukaingia kwenye kioo.

Ulikuwa mkono wa mwanamke. Utepe wa kupimia nguo ulikuwa umezungushwa kwenye kifundo chake, kama anavyouzungusha mtu aliyeacha kazi dakika moja tu akaja kunywa chai. Ukaenda kwenye kabati. Haukupapasa, haukutafuta. Ukashika kipini cha droo ya pili, ukavuta, ukatoa kijiko, na nyonga ikaisukuma droo ikarudi mahali pake. Haikukwaruza hata kidogo. Mume wangu ni fundi kweli.

Kijiko kikakoroga chai ya Fundi.

Kisha nikaisikia ile sauti, ile ile iliyoniambia dada, umeula.

"Unamwambia wewe, au nimwambie mimi?"